Busole Inayojua Njia Mbili

*Tarehe 2, mwezi wa kumi*

Niko na miaka makumi saba na kenda. Nimezika wake wawili, kapiteni wanne, na meli tatu za chuma ambazo sasa samaki wanalala ndani yake. Nimepita kipindupindu mara mbili, nimepita vita ambavyo sihesabu tena, nimepita na yale maji ya ziwa yalipopanda yakaingia nyumba yangu ya Kalundu na kulala juu ya kitanda changu sawa mugeni asiye na haya. Jina langu ni Octave, mwana wa Sange. Miaka makumi tatu na moja nilishika usukani wa meli kati ya Kalundu na Kalemie, na siku hata moja sikupotea. Wengine walipotea. Majina yao ninayo.

Sasa niko sentineli, yaani mulinzi, kwenye pisti, kiwanja cha ndege ya kanisa, hapa katika tambarare ya Ruzizi. Nafyeka majani, nafukuza mbuzi na ng'ombe, nasukuma ndege ikihitaji kusukumwa. Tangu nifike hakuna mbuzi aliyekufa chini ya ndege. Mbele ya kufika kwangu walikufa watatu.

Hii kaye, daftari la kuandikia, nimepewa na Bernardine, mekanisye mupya, fundi wa ndege. Alisema: "Muzee, mu kazi ya ndege kila muntu anayegusa anaandika. Tarehe, kitu alifanya, jina lake."

"Minye nilisoma mpaka mwaka wa tatu ya primeri."

"Basi andika ya mwaka wa tatu."

Ni mutoto wa miaka makumi mbili na sita, na mikono yake ni myembamba sawa ya muntu wa kuchagua muchele. Mekanisye wa kweli unamujua kwa vidole alivyopoteza. Yeye anavyo vyote kumi.

*Tarehe 3*

Nilifyeka. Octave.

*Tarehe 4*

Mvua ya kwanza yenye nguvu. Nilisema tangu jana itanyesha, hawakusikia.

*Tarehe 6*

Ndege imerudi kutoka milima ya juu na busole yake inalia. Matone ya mafuta yalimwangukia Eugène kwenye suruali. Eugène ndiye piloti, mwana wa Luvungi, muntu wa maneno machache. Busole ni kile kitu watu wa shule wanaita dira: kisahani kidogo chenye namba, kinaelea ndani ya mafuta, na hata ukizungusha ndege namna gani, chenyewe kinaangalia kaskazini. Kioo chake kimepata ufa mwembamba sawa unywele. Jioni mafuta yalikuwa yamekwisha na kisahani kimelala upande, kimekufa.

Bernardine ametundika karatasi nyekundu kwenye usukani. Ndege hairuki.

Nilimuuliza Eugène kama ile kioo yake ya satelite, inayoonyesha njia, haitoshi.

"Kioo iko, Muzee. Lakini kioo inakula umeme. Siku umeme inakufa mu mawingu, juu ya mulima, nani ataniambia njia? Busole haikule kitu."

Ile neno nililipenda. Ni neno la muntu wa maji.

*Tarehe 7*

Leo nimeelewa kwamba ile karatasi nyekundu inanihusu minye kuliko wote.

Kitinda-mimba wangu Libérate ameolewa kule juu, na Ngabo mwana wa Rwabuhihi. Libérate iko na mimba ya miezi sita na kitu. Mutoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, huku chini Uvira, na munganga alituambia wazi: wa pili asizaliwe kule juu, ashuke mbele mwezi wa kumi na moja haujaisha. Kwa miguu ni siku tatu za muntu muzima. Mvua imeanza, na njiani kuna bunduki. Kwa hiyo ni ndege, na ndege haina busole.

Rwabuhihi, baba wa mume wake, aliniita kwenye foni, ile radio ya kanisa.

"Mukwe, nasikia busole yenu imekufa. Ng'ombe zangu hazina busole na kila jioni zinarudi nyumbani."

"Zinarudi kwa huruma. Zinajua weye huwezi kuzifuata."

Alicheka sana. Kiisha akaacha kucheka. Akasema: "Octave, huyu mutoto ashuke."

*Tarehe 12*

Bernardine anatafuta busole nyingine. Anaandikia watu wa Bujumbura, anaandikia watu wa Nairobi. Nimemuambia busole ziko Kalundu, saa moja na nusu kwa moto, ile pikipiki. Anasema asante. Ile asante ninaijua.

*Tarehe 13*

Nilikwenda mwenyewe. Kule iko Pitchou, anauza vitu vya meli zilizokufa. Nilichagua busole ya shaba ya manjano, kubwa sawa sahani ya bugali, iliyofika Kalemie mara nyingi kuliko mapadri.

Bernardine aliipokea kwa mikono miwili, akaizungusha, akaisifu. Alisema ni nzuri sana. Kiisha akasema: "Na tutaiweka wapi, Muzee? Juu ya magoti ya Eugène?"

Nilionyesha pale mbele ya kioo.

"Hapo hataona pisti. Na meli inayumba polepole, ndege inatikisika. Hiki kisahani kitagonga ukingo, kitakwama. Na haina karatasi."

"Karatasi haijawahi kumuonyesha muntu Kalemie."

"Kweli. Lakini bila karatasi, muntu wa ofisi ya ndege hatatia sahihi, na bila sahihi Eugène haruki."

Siku mbili sitamusalimia.

*Tarehe 14*

Sikumusalimia.

*Tarehe 15*

Sikumusalimia. Alinisalimia yeye.

*Tarehe 19*

Busole ya pili imefika kutoka Bujumbura. Imetumika kidogo, inang'aa, iko na karatasi yake, na ukubwa ni ule unaotakiwa. Eugène alisema tuifunge leo leo. Na minye nilisema tuifunge, kwa sababu Libérate.

Bernardine aliiweka juu ya meza, akasawazisha meza na vipande vya mbao, akangoja mafuta yatulie. "Muangalie."

Kisahani kilikuwa kimeinama upande mumoja sawa kofia ya mulevi.

Akaeleza. Dunia haivuti busole kwenda kaskazini tu, inaivuta na kwenda chini. Kule Ulaya inavuta ncha ya kaskazini chini, kwa hiyo watengenezaji wanaweka uzito kidogo kwa upande wa kusini ili kisahani kilale sawa. Sisi tuko chini ya mustari wa Ekweta. Huku ni ncha ya kusini inayovutwa chini. Ukileta busole ya Ulaya, uzito na dunia vinavuta upande mumoja. Ndege ikikata kona, kisahani kinagusa kioo na kusimama, na piloti anasoma uongo.

Eugène aliirudisha katika sanduku.

Minye nilimuambia Bernardine kwamba hiyo habari niliijua tangu zamani. Sikuijua. Miaka makumi tatu na moja, na hakuna kapiteni hata mumoja aliyenifundisha. Naandika hapa kwa sababu alisema tuandike.

*Tarehe 23*

Amechagua. Inatoka Nairobi, mupya, imetengenezwa kwa upande wetu wa dunia, taa yake inakubali umeme wa ndege yetu, karatasi iko. Itachukua wiki tatu. Nimehesabu kwa vidole mara mbili: katikati ya mwezi wa kumi na moja. Inatosha, ila haibaki nafasi ya kukosea.

*Tarehe 27*

Mvua. Mbuzi wawili wa muke wa pasta. Niliwarudisha na maneno.

*Tarehe 1, mwezi wa kumi na moja*

Mvua.

*Tarehe 5*

Mvua. Ruzizi imekuwa nyekundu na inabeba miti mizima. Barabara ya Sange imekatika, wakaitengeneza, imekatika tena.

*Tarehe 9*

Libérate kwenye foni. Miguu imevimba. Alisema mutoto anacheza sana, anapiga mateke sawa babu yake. Sikuuliza yupi.

*Tarehe 14*

Busole imefika. Imepita mupaka ndani ya kikapu cha mama mumoja muuza vitenge, aliyeipakata sawa yai. Ni ndogo, sawa limau kubwa. Bernardine aliifunga kwa visi, zile skrubu, vya shaba tu, kwa sababu chuma kinaivuta busole, na hakukubali nimukaribie na spana. Kazi yake haina haraka. Nilimuangalia mpaka mwisho, na sikupata mahali pa kusema neno.

*Tarehe 15*

Leo nitaandika mengi, kwa sababu leo nimefanya kazi.

Busole mupya lazima ifanyiwe mutihani. Bernardine alichora duara kubwa ya chokaa kwenye pisti, na ndani yake mistari: kaskazini, mashariki, kusini, magaribi, na ya katikati. Ndege inasimama juu ya kila mustari, unaangalia kama busole inakubaliana na chokaa. Isipokubali, unazungusha visi vyake viwili vidogo, na kosa linalobaki unaliandika kwenye kikaratasi mbele ya piloti. Minye nilisukuma mukia. Tulianza na kusini. Busole ilikosa digrii ine.

"Digrii ine ni kawaida," alisema. "Chuma ya ndege yenyewe inaivuta."

Mara mvua kubwa, tukakimbia. Akasema kesho.

Sasa sikiliza. Digrii ine kwenye ziwa, usiku, na utagonga mawe ya Ubwari. Minye siwezi kulala na digrii ine. Kapiteni Niyonsaba, Mungu amupumzishe, alinifundisha dawa, na kila meli ya chuma ya Kalundu iko nayo: unatoa sumaku katika radio iliyokufa, unaisogeza karibu na busole polepole, huku, kule, mpaka busole inasema kweli, kiisha unaigandisha na lami. Hivi ndivyo tumefika Kalemie kizazi na kizazi.

Mvua iliacha saa kumi na moja ya jioni. Ndege ilikuwa bado inaangalia kusini. Niliingia na sumaku ya radio yangu ya zamani, nikaisogeza chini ya kile kifuniko cheusi mbele ya kioo, mpaka kisahani kikaja mia moja na makumi nane, ndiyo namba ya kusini, sawa kabisa, sawa musumari. Nikaigandisha. Haionekani.

Kesho yule mutoto atakuta kazi imekwisha. Sitasema kitu. Nitamuacha ashangae.

Nimefanya: Octave.

*Tarehe 16*

Asubuhi alichora upya chokaa iliyooshwa na mvua, akaangalia kusini: sawa kabisa. Akakunja uso. "Jana ilikosa ine. Imejiponya yenyewe?"

Nilikohoa.

Tukageuza mukia. Kaskazini: sawa kabisa. Moyo wangu ulianza kuvimba. Tukageuza tena, pua ikaangalia magaribi, kwenye milima. Busole ilikosa digrii makumi tatu. Mashariki: makumi tatu, kwa upande mwingine. Bernardine alizungusha vile visi mpaka mwisho, hakuna kitu.

"Muzee, hamuna kitu ya chuma umeacha humu? Panga? Funguo?"

"Chuma? Hapana."

Alitafuta chini ya viti. Alitoa ile chupa nyekundu ya kuzima moto. Eugène alivua saa yake. Tukarudia, ni vile vile. Kwa minye ilikuwa wazi: sumaku ni nzuri, busole ndiyo mbovu, na bila dawa yangu ingekosa hata kusini. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na naandika nilivyoamini.

Bernardine aliketi chini ya bawa. Akasema busole imeharibika njiani, itarudi Nairobi na gari ya Jumatano. Wiki tatu nyingine, labda ine.

"Niliwaambia mununue ile ya Pitchou," nikasema.

Eugène aliniangalia. "Muzee, leo hapana."

*Tarehe 17*

Jumapili. Pasta aliombea wasafiri.

*Tarehe 18*

Rwabuhihi kwenye foni, na hakuanza na ng'ombe.

"Ameona damu tangu asubuhi. Kidogo. Imesimama. Mama wa dispanseri anasema asitembee hata hatua."

"Na ndege nyingine?"

"Nimeuliza mpaka Bukavu. Hakuna. Vijana kumi na sita ninao, na ingobyi iko tayari." Ingobyi ni kile kitanda chao cha kubebea wagonjwa begani. "Lakini mito miwili haivukiki. Nikiwatuma, nawatuma kumufia njiani."

"Ngoja kidogo, mukwe."

"Nangoja nini, Octave?"

Kiisha wakamupa Libérate ile foni.

"Papa, uko unakula?"

"Nakula."

"Usigombane na ule Bernardine."

"Nani amesema nagombana?"

"Nakujua, Papa."

*Tarehe 19*

Nilishuka Kalundu kuchukua ile busole kubwa ya Pitchou. Nilikusudia kuifunga mwenyewe kwa nguvu, na Eugène angeruka au angeniambia machoni kwamba mutoto wangu afe.

Pitchou hakuwako. Kwenye gati kulikuwa meli moja inashusha mahindi, pua yake inaangalia magaribi, kwenye milima. Mushika usukani wake ni Héritier, niliyemufundisha kazi nikiwa karibu kuacha. Nilipanda kumusalimia, na jicho la muntu wa kazi haliachi, nikaangalia busole yake. Ilikuwa inasema kusini-magaribi.

"Busole yako imekufa."

"Haijakufa, Papa Octave. Ni ile sumaku. Hapa gatini inadanganya kila siku. Tukitoka, pua ikishika kusini, inasema kweli."

"Na magaribi?"

"Magaribi kuna nini? Milima. Weye ulishapeleka meli mu milima?"

Wabebaji walicheka mpaka mumoja akaangusha gunia. Minye niliketi juu ya mahindi.

Miaka yote hiyo, sikuwahi kuangalia busole mbele hatujatoka bandarini. Ziwa letu ni refu na jembamba. Tunakwenda kusini, tunarudi kaskazini. Busole ya Kalundu inajua njia mbili, na hatukuiomba ya tatu. Ile dawa ya Niyonsaba inaponya hizo mbili na kuharibu zote nyingine. Na njia ya kwenda kwa Libérate ni kati ya kusini na magaribi.

Busole ya Nairobi haikuwa mbovu. Mubovu alikuwa chini ya kifuniko cheusi, na nani alimuweka?

Nilirudi na moto ya mwisho. Bernardine alikuwa amekwisha kwenda kwake.

*Tarehe 20*

Gari ya mupakani inaondoka saa ine. Saa mbili nilikuwa kwenye hangari. Bernardine alikuwa amekwisha kufungua busole, anaifunga katika pamba.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Minye nimesema na askari wenye bunduki, nimesema na dhoruba. Mbele ya yule mutoto sikuweza kusema. Nilifungua hii kaye kwenye tarehe 15, nikamupa.

Alisoma amesimama. Eugène alikuja kusoma juu ya bega lake. Walipofika kwenye "Nimefanya: Octave", Eugène alitoka nje, akasimama kwenye majani, mugongo kwetu.

Bernardine akaingia ndani ya ndege, akapitisha mukono chini ya kifuniko. Nilisikia lami ikibanduka. Alirudi, akaweka sumaku juu ya meza mbali na kila kitu.

"Kama ningeamini kusini na kaskazini peke yake," alisema, "kama ningekuwa mvivu ile siku, Eugène angeingia mu mawingu na hii."

Nilitaka anitukane. Nilimuambia anitukane.

"Nikikutukana, saa itapita." Kiisha akarudi kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye akasoma yote, na minye nimesimama pale sawa mutoto wa primeri. "Hapa umeandika mikono yangu ni ya kuchagua muchele."

"Niliandika."

"Ni yenyewe imepita chini ya kile kifuniko. Yako ingekwama." Akanirudishia kaye. "Siku nilikuuliza, ulisema hapana. Hiyo sitaisahau, Muzee. Lakini uliandika, na bila hii kaye, busole ingekuwa mupakani. Kuja usukume mukia."

Aliifunga busole tena mahali pake, akachora duara upya, tukasukuma, naye akarekebisha kwa visi. Kusini, kosa digrii mbili. Magaribi, kosa moja. Mashariki mbili. Kaskazini hakuna. Na ile njia ya Libérate, kati ya kusini na magaribi: moja. Aliandika kwenye kikaratasi kidogo kwa mukono safi, akakibandika mbele ya piloti. Jioni muntu wa ofisi alitia sahihi. Eugène hakuwa amesema na minye tangu asubuhi. Alipopita aliniambia tu: "Kesho pisti iwe safi saa kumi na mbili."

*Tarehe 21*

Saa kumi na mbili pisti ilikuwa safi. Niliokota hata majani.

Ukungu mpaka saa mbili na nusu. Eugène aliruka saa tatu, akageuza, akaingia katika mawingu kwa upande wa milima, na tukabaki na sauti, kiisha hata sauti hapana. Bernardine aliketi karibu na foni, mikono yake kati ya magoti. Nilimuona anaogopa, na sikujua kwamba anaweza kuogopa. Nilimuletea chai. Aliinywa ikiwa baridi.

Saa ine kasoro, sauti ya Rwabuhihi: "Ametua. Wanamupandisha. Mvua iko karibu."

Baadaye hakuna kitu. Mvua ilishuka juu ya milima yote, nyeusi. Bernardine alisema kule ndani Eugène haoni hata ncha ya bawa. Nilisimama mwisho wa pisti bila kofia.

Ndege ilitoka saa tano na dakika kumi. Ilitoka chini ya wingu pale pale ilipotakiwa kutoka, sawa muntu anayepita mulango wa nyumba yake.

Libérate walimushusha juu ya godoro. Uso wake ulikuwa sawa majivu. Alinishika mukono wa shati, hakuachia mpaka kwenye gari ya hospitali. Damu ilikuwa imeanza tena kule juu, wakati ndege inawasha injini.

*Tarehe 22*

Walimupasua jana. Munganga alisema wangechelewa saa chache zaidi, asingeweza kuwaokoa. Mutoto ni musichana. Wako wote wawili.

Nilimupigia Rwabuhihi foni. Akasema atamupa Bernardine ng'ombe. Bernardine akauliza atamulaza wapi, chini ya bawa? Nikasema basi ng'ombe aende kwa aliyesukuma mukia.

"Weye?" alisema mukwe. "Weye nimesikia yote. Weye nitakupa ng'ombe wa radio, wa kusikia tu."

*Tarehe 25*

Eugène aliniletea sabuni na sukari za kupeleka hospitali. Alisema: "Muzee, siku nyingine uniulize." Nilisema ndiyo.

Nimetoka pale sasa. Libérate ameketi, anakula. Mutoto analia kwa sauti ya kutosha ziwa lote.

Haya yote ni kweli. Asiyesadiki amuulize Eugène, kila Jumapili iko Luvungi kwa mama yake. Amuulize Héritier kwenye gati ya Kalundu, avumilie kicheko chake. Habari ya damu na mvua amuulize Libérate. Rwabuhihi asimuulize, muntu wa ng'ombe anaongeza. Lakini wa kwanza kuliko wote amuulize Bernardine, mekanisye wa hii ndege. Yeye ataanza na sumaku. Mumuache aanze hapo.